Kuzunguka Dunia Kwenda Tlemcen

Oujda, 9 Januari 2022

Lalla Kheira, dada yangu,

Natumaini barua hii itakukuta umekaa karibu na jiko, maana naujua Januari wa Tlemcen unavyotafuna mifupa. Huku wote wazima. Yamina anasumbuliwa na goti, lakini mdomo wake hauna ugonjwa wowote. Binti yetu Wissal amepata kazi Rabat, ameondoka tangu Novemba, na nyumba imekuwa kubwa ghafla. Duka la redio nimelifunga. Siku hizi hakuna anayetengeneza redio, watu wanatupa na kununua nyingine. Tangu mjomba aniite huku nimekaa pale miaka thelathini na tatu, halafu siku moja nikafunga mlango kama mtu anayekwenda kuswali, na sikurudi.

Sasa nakuja kwenye lililonifanya nishike kalamu. Usicheke mpaka umalize ukurasa.

Wissal ameniachia kompyuta yake, na ndani yake mna programu ya kurusha ndege. Si ule mchezo wa kupigana risasi. Unakaa mbele ya skrini, unashika usukani, miguu iko kwenye kanyagio, na dunia nzima imo mle: milima, bahari, viwanja vya ndege hadi vile vya changarawe. Mvua ikinyesha Oujda, na mle inanyesha. Safari ya saa sita utaikalia saa sita. Usukani nimeutengeneza mwenyewe kwa mbao na vipuri vya redio. Yamina akipita mlangoni huuliza, "Rubani, umefika wapi? Nikuletee chai au wameshakulisha huko juu?" Juzi nilianguka baharini karibu na Nador. Akasema, "Alhamdulillahi, zulia halikulowa."

Nimekusudia kuzunguka dunia. Ndege ndogo ya injini moja, viti vinne. Nitaondoka hapa uwanja wa Angads, nizunguke yote, na mwisho nitue kwenu, uwanja wa Zenata. Lakini kupanga njia siwezi. Wewe umefundisha jiografia miaka thelathini na nne na ramani zako za ukutani najua hukuzitupa. Nichagulie vituo. Kituo hadi kituo kisizidi kilomita elfu moja na mia tatu, zaidi ya hapo mafuta yanakwisha.

Ni jambo la kipuuzi, najua. Lakini tufanye pamoja.

Mdogo wako,
Miloud


Tlemcen, 20 Februari 2022

Kwa ndugu yangu Miloud, na kwa Yamina mwenye goti,

Barua yako imetembea siku ishirini na saba. Kutoka mlangoni kwako hadi kwangu ni kilomita themanini. Ningekuwa na wanafunzi bado, ningewapa hiyo kama hesabu ya mwendo.

Mimi mzima. Shinikizo la damu linapanda na kushuka, nami nalitazama tu. Mwanangu Redouane yuko Lille, na wajukuu wanazungumza nami kwa lugha ambayo lazima nikohoe kabla ya kuijibu. Nimebaki peke yangu katika nyumba ya Mama, mtaa wa Bab Zir. Paa la ukumbi limevuja tena. Fundi alikuja, akatazama juu, akasema "Subhanallah," akaenda zake.

Najua unajiuliza kwa nini sipokei simu zako. Kwenye simu wewe ni hodari wa kukwepa. Likija neno zito, mara mtandao unakatika, mara mtu anabisha hodi, mara Yamina anaita. Kwenye barua nitaona mahali ulipokwepa, na nitapitisha kidole juu yake.

Kuhusu njia yako. Nilisema sitajibu upuuzi huu, kisha nikakuta nimetandika ramani mezani na kuibana pembe kwa mitungi ya zeituni. Elekea magharibi. Malaga, Porto, Ireland, Uskochi, halafu Iceland, Greenland, Kanada. Bahari ya kaskazini ina visiwa kama mawe ya kuvukia mto. Kisha Alaska, na kutoka Nome unaruka hadi Urusi, pale ni karibu kuliko watu wanavyodhani. Japani, Ufilipino, Uhindi, Muscat, Misri, Tunis. Usianze kabla ya Mei. Kabla ya hapo barafu itakugandia mabawani. Nimekuandikia umbali wote kwenye karatasi ya pili.

Nina swali moja. Kutoka Angads hadi Zenata kwa ndege yako hiyo ni dakika kumi na saba, nimepiga hesabu. Huku duniani mpaka wa nchi zetu mbili umefungwa tangu elfu moja mia tisa tisini na nne, tumeshazoea. Je, na kwenye mashine yako umefungwa? Kama haukufungwa, kwa nini uzunguke dunia nzima?

Kheira


Oujda, 3 Aprili 2022

Lalla Kheira,

Ramadhani karimu. Leo ni ya kwanza kwetu, na hapa nyumbani kunanuka supu ya harira tangu alasiri. Yamina anasema nikuambie mtungi wa zeituni si kitu cha kubania ramani, utaacha duara la mafuta juu ya bahari na watoto watadhani ni kisiwa.

Karatasi yako ya pili nimeibandika juu ya skrini. Nilicheka peke yangu nilipoona umepigia mstari mwekundu neno "Mei", kama vile mimi ni mtoto wa kidato cha kwanza. Nitangoja Mei. Kwa sasa najifunza kutua penye upepo wa ubavuni. Ndege inataka kukimbilia pembeni kama punda, na wewe unaishika kwa miguu, si kwa mikono. Nani angedhani ndege huendeshwa kwa miguu?

Wissal alikuja wikendi akanikuta nimevaa koti. Akasema, "Baba, ndani ni joto!" Nikamwambia, "Najizoeza juu ya Uskochi." Alikaa kando yangu saa nzima akinisomea dira. Ilikuwa saa nzuri.

Kuna kitu nataka kukuuliza, na nimekuwa nikikiuliza moyoni miaka kumi na tano. Siku ile ya Februari uliponipigia simu uliniambia, "Mama amekufa akiutazama mlango." Hukusema zaidi, na mimi sikuthubutu. Je, kuna neno alilosema? Hata dogo. Niambie hata kama ni baya.

Mdogo wako,
Miloud


Tlemcen, 12 Mei 2022

Ndugu yangu Miloud,

Idi imepita salama. Nilipika keki za lozi, wakazila majirani. Redouane alituma picha ya watoto wamevaa nguo mpya, mmoja analia. Paa sasa limetengenezwa, na fundi mwingine, kijana mwenye adabu, amepanda kama paka na kushuka bila kuvunja kigae.

Nimerekebisha sehemu ya Greenland. Pale nilipokuandikia kutua pana hatari, uwanja uko mwisho wa mkono mrefu wa bahari kati ya milima, na mawingu yakishuka hutauona. Ukiyaona yanashuka, geuza mapema urudi Iceland. Nikiwa mwalimu niliwaambia watoto kwamba ramani haina hali ya hewa. Sikujua nitakuja kumwambia mtu anayeruka.

Nakiri jambo. Jioni naketi na ramani nakuwaza uko wapi. Mwanafunzi wangu wa zamani, sasa daktari, alinikuta nimeinama na miwani miwili, mmoja juu ya mwingine. "Mwalimu, unasafiri?" Nikamwambia, "Ndugu yangu ndiye anasafiri." Akauliza wapi. Nikasema Iceland. Akanitazama kwa heshima kubwa, na sikumwambia ukweli.

Swali lako la mwisho nimeliona.

Kheira


Oujda, 30 Juni 2022

Lalla Kheira,

Natanguliza pongezi za Idi ya kuchinja. Kondoo tumeshamnunua, yuko darini, analia usiku na mchana na Yamina ameshampa jina, maana yake tutamchinja tukilia.

Niko Greenland! Nilivuka kutoka Iceland Jumamosi, saa sita na dakika ishirini, mawingu chini yangu kama sufu isiyosokotwa. Yamina aliniletea chakula kitini, akakaa kidogo, akasema, "Hakuna kitu hapa. Umetoka nyumbani kuja kutazama weupe?" Lakini hakuondoka. Kisha mawingu yakafunguka nikaona ule mkono wa bahari uliouandika, na mwisho wake uwanja kama kipande cha utepe. Nikatua. Kheira, nilipiga kelele. Nikasema kwa sauti, "Dada, nimefika," na Yamina akasema, "Mwandikie, hakusikii."

Nikiwa juu kule nilimuwaza Mama. Nilikumbuka ile miaka ya kupungiana mikono pale bondeni penye mpaka, sisi upande huu wa mto mkavu na ninyi upande ule, na polisi wa pande mbili wakituangalia. Mara ya mwisho alikuwa ameshika leso ya njano ili nimtambue. Nilipiga kelele "Umekula?" na yeye akajibu kitu, upepo ukakichukua. Lau si mpaka huu, Kheira, ningekuwepo. Ningemwosha miguu. Ningebeba jeneza begani. Mpaka umetuibia mama yetu, na sitausamehe.

Hujanijibu kuhusu neno lake. Nangoja.

Miloud


Oujda, 2 Oktoba 2022

Lalla Kheira,

Miezi mitatu sijapata jibu. Je, barua ya Juni ilipotea? Nilipiga simu, ikaita hadi ikachoka. Kama unaumwa, mwambie jirani aniandikie mstari mmoja tu.

Nimevuka Kanada yote. Niko Nome, ukingo wa Alaska. Mbele yangu ni ule mkondo wa kwenda Urusi. Nimekaa hapa wiki mbili bila kuondoka, nasingizia ukungu.

Miloud


Tlemcen, 3 Novemba 2022

Miloud,

Siumwi. Barua ya Juni ilifika Julai. Niliisoma mara moja, nikaiweka kwenye droo ya visu.

Umeniandikia kwamba mpaka ulikuzuia kumwosha Mama miguu. Uandike hivyo kwa mtu mwingine. Mpaka ulifungwa ardhini. Angani haukufungwa hadi mwaka jana. Mama alipokuwa kitandani Februari elfu mbili na saba, ndege zilikuwa zikitoka Casablanca kuja Oran, na visa ilikuwa imeshaondolewa. Mtoto wa Bi Zoulikha wa mtaa wetu alikuja kwa ndege hiyo kumwona mama yake, akala naye couscous ya Ijumaa, akarudi. Nilimtazama akipita mbele ya dirisha na mfuko wa machungwa. Nilitamani kumrushia kitu.

Uliniambia siku ile kwenye simu, "Karatasi zangu zina kasoro, wamenirudisha uwanjani." Karatasi gani, Miloud? Nilimgeuza Mama ubavu peke yangu miezi mitano. Nilimkata kucha. Sikuwahi kukuuliza, kwa sababu nilikuwa nangoja uone aibu mwenyewe. Nimengoja miaka kumi na tano, na wewe unaniletea habari za Greenland.

Kaa huko Nome.

Kheira


Oujda, 11 Desemba 2022

Dada yangu,

Yamina hajambo. Wissal hajambo. Mimi nitakuambia mwenyewe nilivyo.

Karatasi zilikuwa sawa. Pasipoti ilikuwa mpya, tiketi nilikuwa nayo mfukoni. Nilipanda treni ya usiku Oujda hadi Casablanca, nina boksi la biskuti za kaak kwa ajili ya Mama, zile ngumu za anise alizokuwa akichovya kwenye maziwa. Nilifika uwanjani mapema saa nne nzima. Nikapita ukaguzi. Nikaketi mbele ya mlango wa kuondokea, na kupitia kioo nikaiona ndege yenyewe.

Sikuwahi kupanda ndege maishani, unajua. Hata siku ile sikuwa nimewaza. Nilikuwa nawaza Mama tu. Nilipoiona, Kheira, nilitaka kurudi kwenye treni. Watu wakapanga foleni, nami nikasimama nyuma yao, na kila mtu aliyeingia nilihisi ananisukuma kifuani. Nikabaki mimi. Msichana wa mlangoni akasema, "Mzee, ndege inakungoja wewe tu." Nikamwambia, "Nakuja, binti yangu, naenda kunawa mikono." Nikaenda chooni. Nikashika bomba la maji kwa mikono miwili. Nikasikia jina langu likiitwa kwenye spika. Mara ya kwanza, mara ya pili, mara ya tatu waliongeza "abiria wa mwisho". Halafu kukawa kimya, na nikajua wamefunga.

Nilipotoka, mwanamke mmoja alikuwa anapiga deki. Akaniuliza kama nimepotea. Nikampa boksi la kaak. Sikuweza kulibeba kurudi.

Kisha nikakupigia na kukuambia habari ya karatasi. Ningesemaje? Mwanamume wa miaka hamsini na moja, mama yake anakata roho, naye anaogopa kupanda ngazi? Nilijiambia nitapona, nitarudi wiki ijayo. Siku ya tatu ukapiga wewe.

Baada ya hapo mpaka ulinifaa. Kila mtu hapa ana ndugu upande wa pili, kila mtu anaulaumu, na mimi niliulaumu pamoja nao, tena kwa sauti kubwa kuliko wote. Hata Yamina hakujua hadi juzi. Nilimweleza, akasema, "Na mimi niliyekuwa nakucheka kwa kuanguka baharini."

Hii mashine niliinunua mwenyewe. Si Wissal aliyeniacha nayo, hapo pia nilikudanganya. Nilifikiri nikijua kila sauti ya ndege, kila mtikisiko, hofu itakwisha na nitakuja. Kisha hao waliofunga mpaka wakafunga na anga, na nilifurahi. Mungu anisamehe, siku ile nilifurahi. Uliniuliza kwa nini nisivuke kwa dakika kumi na saba. Kwa sababu ningefika, na nikifika ningelazimika kukuambia haya.

Sikuombi chochote.

Miloud


Tlemcen, 5 Februari 2023

Ndugu yangu,

Barua yako ilifika Januari tarehe tisa. Nimeandika majibu manne na kuyachana. Hili nitalituma lilivyo, usitazame mwandiko.

Ulipopiga simu siku ile, Mama alikuwa macho. Nilipokata aliniuliza, "Ni Miloud?" Nikamwambia, "Ndiyo. Anasema karatasi zake zina kasoro." Akacheka, Miloud. Alikuwa hana nguvu ya kushika kijiko, lakini alicheka hadi akakohoa. Akasema, "Karatasi gani? Yule hakuwahi kupanda hata dari kuanua nguo. Alikuwa akisimama chini ya ngazi, ananiambia mama, nguo bado mbichi. Anaogopa, mwanangu. Usimwulize, utamwaibisha. Mwambie nimelala vizuri."

Nilikasirika naye kuliko nilivyokasirika na wewe. Mimi ndiye niliyekuwa nageuza mgongo wake, na bado alikuwa akikutetea. Nikamwambia, "Sawa, Mama, nitamwambia."

Sikukuambia.

Na hakufa akiutazama mlango. Alifariki usingizini kabla ya alfajiri, uso umeelekea ukutani, mkono chini ya shavu kama alivyolala siku zote. Jioni yake aliomba kahawa na nikamnyima kwa sababu ya daktari. Habari ya mlango niliitunga nikiwa nimeshika simu. Nilitaka uumie mahali, na sikuwa na kitu kingine cha kukupiga nacho. Nilidhani nitakueleza ukweli baada ya arobaini. Kisha baada ya mwaka. Kisha nikakuta nimeshaiamini mwenyewe. Nilikuwa nikisimulia kwa majirani, na wao wanalia, nami nalia.

Uliponiuliza Aprili kama kuna neno, nililiona swali lako nikaogopa kama ulivyoogopa ndege yako. Ndiyo maana niliandika tu kwamba nimeliona.

Miaka kumi na sita umebeba mlango ambao hakuutazama. Sijui nikuandikie nini juu ya hilo. Nilikuwa mwalimu, nikiwaambia watoto wasifute, wakate kwa mstari mmoja ili kosa lionekane. Basi hili hapa, linaonekana.

Sasa njia iliyobaki ni Tunis. Casablanca hadi Tunis, Tunis hadi Oran, na Oran nitakuja kukupokea kwa teksi. Usipoweza, niambie kwamba huwezi. Neno hilo tu, bila karatasi wala ukungu. Nitakupenda vilevile, na nitakuja mimi.

Dada yako,
Kheira


Oujda, 12 Machi 2023

Lalla Kheira,

Nimeisoma barua yako nikiwa nimesimama mlangoni, na mtu wa posta alidhani nimefiwa.

Nimekata tiketi ya Mei tarehe kumi na tatu. Kuja wewe nimekataa. Usimwambie mtu yeyote, nisije nikawafanya watu wapike.

Miloud


Oujda, 8 Juni 2023

Dada yangu mpenzi,

Nimefika nyumbani salama, sasa ni wiki mbili. Yamina amekula nusu ya cheri ulizonipa kabla sijavua viatu, na anakuombea dua mdomo umejaa. Nguo yake ya kijani imemkaa vizuri. Nimekuta bili ya umeme na jirani mpya, mengine ni yale yale.

Siku nane tumekaa pamoja, tumekula, tumetazama picha, umenionyesha paa, tumekwenda makaburini mara mbili, na kuna jambo moja sikulisema. Nilijaribu jioni ya mwisho, ukaingia kuchukua sukari, na ulivyorudi nikawa nimelipoteza. Naona bado mimi ni mtu wa barua.

Ni kuhusu ndege yenyewe.

Yamina alinisindikiza hadi Casablanca kwa treni. Tulipoachana ukaguzini aliniambia, "Ukienda kunawa mikono nitasikia." Niliketi mbele ya mlango uleule, au unaofanana nao. Foleni ikapangwa. Safari hii sikusimama nyuma, nilisimama wa tatu, ili kuwe na watu wa kunisukuma. Nikatembea. Ndani mnanuka kahawa na plastiki. Nikapata kiti changu, nikafunga mkanda, nikaufunga tena. Mhudumu, msichana wa Tunis mwenye uso wa huruma, akainama. "Baba, hujisikii vizuri?"

"Mzima, binti yangu. Ni mara ya kwanza."

"Mara ya kwanza kwenda Tunis?"

"Kupanda."

Akatabasamu. "Basi umechelewa kidogo tu, baba." Akanipa maji.

Ndege ikaanza kukimbia. Nilikuwa nimejitayarisha kwa kifo, Kheira, nakuambia kweli. Nilikuwa nimeshatamka shahada. Kisha pua ikainuka, na miguu yangu yenyewe ikatafuta kanyagio, na tukawa juu. Basi. Hakuna kilichotokea. Mama mmoja wa kiti cha pembeni alifungua mkate wake wa mayai, akala, akalala mdomo wazi. Mtoto alilia kidogo, akanyamaza. Mtu mbele yangu alisoma gazeti la mpira. Nilitazama chini nikaona bahari, na nilingoja ile hofu ije, nikaingoja kama mgeni uliyemwandalia, haikuja. Saa mbili na nusu hadi Tunis. Saa moja na dakika arobaini hadi Oran.

Tulipotua Oran watu walisimama kuchukua mizigo yao, wakisukumana na kucheka, na mimi nikabaki kitini nalia. Uliponiona natoka na macho mekundu ulidhani ni kwa sababu ya kukuona wewe. Ukanikumbatia, ukasema, "Haya, haya, umefika, usilie." Nami nikakuacha udhani hivyo. Nilikuwa nalia kwa sababu ilikuwa rahisi.

Mwaka ule, kutoka Casablanca moja kwa moja, ilikuwa saa moja na dakika ishirini. Nimeangalia ratiba za zamani. Saa moja na dakika ishirini, na mama mwenye mkate wa mayai kando yangu. Ingekuwa ngumu kweli, ningekuwa nimeshindwa na kitu kikubwa. Ningeweza kuishi na hilo.

Pale kaburini uliponiacha peke yangu na kwenda kuzungumza na mlinzi, nilikuwa na maneno niliyoyapanga tangu Machi. Sikuyasema. Nilimwambia, "Mama, nguo zimekauka," nikatoka kukufuata.

Mashine nimempa mtoto wa jirani yetu Bi Halima, anayesomea uhandisi. Alikuta ndege bado iko Nome, akaniuliza kama anaweza kuendelea na safari au aanze yake. Nimemwambia aanze yake.

Nitakuja tena Septemba, mvua za kwanza zikinyesha. Kama paa litavuja, nitapanda mimi.

Ndugu yako,
Miloud